Jiko la kupachika mekoni: anza na dohani na kuni, chuma baadaye

Meko ya wazi ukutani inapendeza macho, lakini kama chombo cha kupasha nyumba joto inatia hasara. Aliyekaa mbele yake huungua magoti huku mgongo ukiganda, na hilo lina sababu. Kati ya nguvu yote iliyomo kwenye kuni, ni takriban asilimia 10, pengine 15, inayobaki chumbani. Iliyosalia hupanda na moshi. Tena moto ulio wazi huvuta hewa nyingi kupita unavyohitaji, na hewa hiyo hutoka ndani ya nyumba, ikiwa imeshapashwa na hita za vyumba vingine. Nafasi yake hujazwa na hewa baridi inayopenya kwenye nyufa za madirisha na chini ya milango. Usiku wa baridi kali, makaa yakififia na dohani ikiwa bado wazi, meko inaweza kutoa nje joto jingi kuliko inaloingiza.

Jiko la kupachika ni dawa ya tatizo hilo. Ni sanduku la chuma lenye mlango wa kioo, linaloingizwa ndani ya uwazi wa meko iliyopo na kuunganishwa na bomba la moshi linalopanda ndani ya dohani. Mlango ukifungwa, hewa inaingia kwa kipimo, na majiko mazuri ya sasa hubakiza ndani asilimia 70 hadi 80 ya nguvu ya kuni. Wazo lenyewe ni la zamani. Benjamin Franklin alibuni jiko lake la chuma la kuwekwa mekoni mwanzoni mwa miaka ya 1740, akakataa hataza aliyopewa ili yeyote aweze kulitengeneza. Bahati mbaya jiko hilo lilivuta vibaya, kwa sababu moshi ulilazimishwa kushuka kabla ya kupanda, na waliomfuata wakalirekebisha. Somo lake halijazeeka: jiko lisiloelewana na dohani ni pambo tu.

Ndiyo maana mimi huona kwamba wengi huanza kuchagua kwa kurudi nyuma. Wanatazama picha, wanapenda umbo la kioo, wananunua, halafu ndipo wanauliza kuhusu dohani na mahali pa kupata kuni. Mpangilio unaofaa ni kinyume chake.

Kinachowaka hasa ni gesi

Huwezi kuchagua vizuri bila kujua kuni zinavyoungua, na jambo hili watu wengi hulijua nusunusu. Kipande cha kuni kikiingia kwenye moto, kwanza hukauka: maji yaliyomo huchemka na kutoka. Kinapozidi kupata joto, mti huanza kuvunjika na kutoa gesi zinazoweza kuwaka. Gesi hizo ndizo zinazobeba zaidi ya nusu ya nguvu yote ya kuni. Mwisho hubaki makaa, ambayo huungua polepole bila mwali mrefu.

Tatizo liko kwenye hatua ya pili. Gesi hizo zinahitaji joto la takriban nyuzi 600 za Selsiasi, hewa ya kutosha, na muda wa kuchanganyika nayo kabla hazijatoroka. Kimoja kikikosekana, hazichomeki. Hutoka kama moshi, na sehemu yake hugandamana ndani ya dohani iliyopoa ikiwa kriosoti, ule utomvu mweusi unaonata na kunuka, ambao siku moja unaweza kushika moto.

Ukilifungua jiko la kisasa utaona jinsi linavyotimiza masharti hayo matatu. Kuta za ndani zimefunikwa kwa matofali ya kustahimili moto au vibao vya vamikulaiti (madini mepesi yanayozuia joto lisipenye), ili joto libaki ndani ya chumba cha moto. Juu kuna bamba linalozuia moshi usipande moja kwa moja, likiulazimisha kuzunguka mbele kwanza. Nyuma au karibu na bamba hilo kuna safu ya matundu madogo yanayoingiza hewa ya pili, ambayo tayari imeshapashwa joto ilipopita kwenye mifereji ya jiko. Moto ukikolea, utaona miali ikicheza kwenye matundu hayo, mbali na kuni zenyewe: hizo ndizo gesi zikiungua. Hewa nyingine hushuka juu ya kioo ili masizi yasikishike.

Kwa hiyo moto wa kuni una namna moja tu ya kuwa msafi, nayo ni kuwa mkali. Moto ulionyimwa hewa ili uchome polepole usiku kucha, jambo ambalo wauzaji wengine bado wanalisifia, ni kiwanda cha moshi. Kumbuka hilo tunapokuja kwenye ukubwa.

Ukubwa: hapa ndipo fedha nyingi hupotea

Kila mtu hudhani jiko kubwa ni salama zaidi: kama linaweza kutoa kilowati 12, basi ukitaka 4 utalipunguza. Haliwi hivyo. Jiko la kilowati 12 likilazimishwa kutoa 4, chumba chake cha moto hakifiki joto la kuchoma gesi. Kioo kinakuwa cheusi ndani ya saa chache, dohani inajaa kriosoti, majirani wanalalamika, nawe unatumia kuni nyingi kupata joto dogo. Ukiamua kuliachia liwake linavyotaka, chumba kinageuka tanuri na unaishia kufungua madirisha wakati wa baridi.

Hesabu ya kuanzia si ngumu. Nyumba yenye kuta na paa zilizozibwa kwa kiasi cha kawaida dhidi ya baridi, na dari ya mita 2.5, huhitaji takriban wati 100 kwa kila mita mraba siku ya baridi kali. Nyumba mpya iliyozibwa vizuri huhitaji nusu ya hapo au pungufu. Nyumba kuukuu yenye kuta tupu na madirisha ya kioo kimoja inaweza kudai 150 au zaidi. Chukua basi sebule ya mita mraba 40: katika nyumba ya kawaida ni kilowati 4, katika nyumba nzuri ni 2, katika nyumba inayovuja ni 6. Hakuna hata moja kati ya hizo inayodai jiko la kilowati 12, ilhali majiko hayo ndiyo yanayojaza kumbi za maonyesho, kwa kuwa yana vioo vikubwa na vioo vikubwa ndivyo vinavyouzika.

Je, kama unataka kupasha nyumba nzima? Hapo jiulize joto litapitaje. Jiko la kupachika hupasha chumba lilimo, na chumba kilicho juu yake hufaidika kiasi kwa sababu hewa moto hupanda yenyewe. Vyumba vya mwisho wa korido huambulia kidogo sana. Kuongeza kilowati hakutatui hilo, kunafanya tu sebule isikalike. Kinachosaidia kidogo ni feni ndogo iliyowekwa sakafuni kwenye chumba baridi, ikipuliza kuelekea kwenye jiko: hewa baridi ni nzito na husogea kwa urahisi, na ya moto hurudi kwa juu kujaza nafasi. Wengi hufanya kinyume, wanajaribu kuisukuma hewa moto, na hawaoni tofauti.

Kuwa mwangalifu pia na tarakimu zenyewe. Nguvu inayoandikwa kwenye vipimo vya Ulaya ni ya maabara, ambako kuni chache huongezwa kila baada ya muda mfupi, mara nyingi chini ya saa. Kwenye karatasi za wauzaji wa Marekani mara nyingi utakuta kiwango cha juu kabisa ambacho jiko linaweza kufikia, kikitajwa kwa BTU kwa saa (3,412 ni sawa na kilowati moja). Ukilinganisha namba hizo mbili kana kwamba ni kitu kimoja, utapotea. Uliza jiko linafanya kazi safi kuanzia kilowati ngapi hadi ngapi, na hakikisha hitaji lako la kawaida liko katikati ya hapo.

Nikilazimika kuchagua kati ya jiko dogo kidogo na jiko kubwa kidogo, nachagua dogo bila kusita. Siku chache za baridi kupita kiasi utaongeza hita nyingine. Siku zote zilizobaki jiko litawaka jinsi lilivyosanifiwa.

Dohani ndiyo injini

Dohani huvuta kwa sababu moshi wa moto ni mwepesi kuliko hewa ya nje. Kadiri moshi unavyobaki na joto na kadiri dohani inavyokuwa ndefu, ndivyo mvuto unavyoongezeka. Majiko mengi hupimwa kwa mvuto wa takriban paskali 12 (paskali ni kipimo cha msukumo wa hewa). Ni kiasi kidogo sana, upepo mbaya au kona moja ya ziada inatosha kukivuruga.

Sasa angalia kinachotokea ukilipachika jiko kwenye dohani ya zamani ya matofali. Njia ya moshi yenye upana wa sentimita 25 kwa 25 ina eneo la sentimita mraba 625. Bomba la milimita 150, ambalo ni kipimo cha majiko mengi ya aina hii, lina takriban 177. Moshi ukitoka kwenye jiko na kuingia kwenye uwazi mkubwa hivyo, hupungua mwendo, hupoa na kuacha kriosoti yake ukutani. Meko ya wazi ilihimili upana huo kwa kuwa ilivuta hewa nyingi mno. Jiko lililofungwa halina hewa hiyo.

Ndiyo sababu bomba la chuma kisichoshika kutu linapaswa kushushwa ndani ya dohani kutoka juu kabisa hadi kwenye jiko. Kuna mafundi wanaopunguza gharama kwa kuchomeka kipande kifupi tu juu ya jiko na kuuacha moshi ujitafutie njia. Katika sehemu nyingi njia hiyo imepigwa marufuku, na hata isipopigwa marufuku, ikatae: masizi hujikusanya pasipofikika, na huwezi kusafisha bila kung'oa jiko. Dohani ikiwa kwenye ukuta wa nje, ambako pande tatu zinapigwa na baridi, bomba hilo lizungushiwe blanketi la kuhifadhi joto. Hii ni gharama ambayo nisingejaribu kuikwepa.

Urefu wa kuanzia mita 4 hadi 5 kutoka kwenye jiko hadi kilele cha dohani ndio wa chini unaotegemewa. Juu ya paa, kanuni inayotumika sana Amerika Kaskazini ni kwamba dohani izidi paa kwa angalau sentimita 90 mahali inapotokea, na iwe juu kwa angalau sentimita 60 kuliko kitu chochote kilicho ndani ya mita 3 kutoka hapo. Nchi nyingine zina vipimo vyao, lakini nia ni ileile: kilele kitoke kwenye msukosuko wa upepo unaozunguka paa.

Kabla ya yote hayo, mwite fundi wa dohani aikague kwa kamera. Moto wa kriosoti ndani ya dohani unaweza kuvuka nyuzi 1,000, na nyumba iliyowahi kupata moto wa namna hiyo inaweza kuwa na nyufa ambazo hakuna anayezijua. Kusafisha ni mara moja kwa mwaka kwa uchache, mara mbili kwa anayewasha kila siku.

Joto lisiishie ukutani

Jiko linalosimama katikati ya chumba hutoa joto pande zote. Lililopachikwa huonyesha uso wake mmoja tu. Pande tano zilizobaki zinapasha matofali. Watengenezaji hujibu kwa kuweka ganda la pili kuzunguka sanduku, ili hewa ya chumba iingie chini, ipite kati ya maganda mawili, itoke juu ikiwa moto. Baadhi hutegemea mwendo wa asili wa hewa, baadhi wana feni. Feni inasaidia kweli kwa jiko lililozama ndani kabisa, lakini isikilize ikizunguka kabla hujanunua, kwani zingine zina kelele isiyovumilika sebuleni. Uliza pia jiko linafanyaje umeme ukikatika. Lile linalochomoza kidogo mbele ya meko huhitaji feni kidogo kuliko lile lililolingana na ukuta, ingawa wengi huliona baya.

Kuna kipande kimoja cha bei ndogo ambacho husahaulika kuliko vyote: bamba la chuma la kuziba shingo ya dohani, likizunguka bomba, na pamba ya mawe juu yake. Bila bamba hilo, hewa moto inayozunguka jiko hupanda ndani ya dohani na kukaa huko bila faida. Ukisikia mtu analalamika kwamba jiko lake la gharama kubwa halipashi joto, mwulize kwanza kama liliwekewa bamba hilo.

Vipimo vya meko navyo vichukuliwe kwa makini: upana wa mbele na wa nyuma, kimo cha mbele na cha nyuma, na kina. Meko nyingi hupungua kuelekea nyuma, na sanduku linalopita mlangoni linaweza kukwama ndani. Majiko haya yana uzito wa kilo 100 hadi 200, wakati mwingine zaidi, kwa hiyo sakafu iangaliwe. Rafu ya mbao juu ya meko, fremu za mlango, pazia, vyote viwe mbali kwa umbali ulioandikwa kwenye kitabu cha jiko husika. Umbali huo hutofautiana kati ya jiko na jiko, usiuazime kutoka kwa jirani.

Hewa ya kupumua

Kilo moja ya kuni huhitaji, ndani ya jiko la kawaida, takriban mita za ujazo 8 za hewa. Kwa anayechoma kilo 2 kwa saa ni kama 16, kiasi ambacho nyumba ya zamani hukitoa bila kutambua. Nyumba mpya isiyovuja haikitoi. Mbaya zaidi ni feni ya kuvuta moshi wa mapishi, ambayo inaweza kunyonya mita za ujazo mia kadhaa kwa saa na kuugeuza mvuto wa dohani, moshi ukarudi sebuleni. Kwa nyumba ya namna hiyo tafuta jiko linalovuta hewa yake moja kwa moja kutoka nje kwa bomba. Na katika nyumba yoyote, weka kitambuzi cha kaboni monoksidi. Gesi hiyo ya sumu haina harufu.

Kusoma lebo

Tangu tarehe 1 Januari 2022, jiko la kuni lenye mlango linalouzwa Umoja wa Ulaya lazima lifikie ufanisi wa msimu wa asilimia 65 na lisitoe zaidi ya miligramu 40 za vumbi kwa kila mita ya ujazo ya moshi. Marekani hupima kwa saa: tangu Mei 2020 kikomo ni gramu 2.5 kwa jiko lililopimwa kwa kuni za kawaida. Majiko mazuri huwa chini sana ya vikomo hivyo, kwa hiyo linganisha namba zenyewe. Neno "limeidhinishwa" halikuambii mengi.

Lebo ya rangi ya Ulaya yenye herufi ni ya kuangaliwa kwa shaka. Hesabu yake huuzidisha ufanisi wa majiko ya kuni kwa 1.45 kama zawadi ya kutumia nishati jadidifu, hivyo karibu yote huishia A au A+ na herufi haikutenganishii chochote. Tena Marekani huhesabu ufanisi kwa kuingiza joto linalopotea kwenye mvuke wa maji, Ulaya haiuingizi. Asilimia 75 ya Marekani na 80 ya Ulaya vinaweza kuwa jiko lilelile.

Baadhi ya majiko yana kichocheo, kipande chenye vitundu kama sega la nyuki kinachowezesha moshi kuungua kuanzia kama nyuzi 260 badala ya 600. Hayo ndiyo pekee yanayoweza kuwaka polepole kwa muda mrefu bila kuchafua sana. Gharama yake ni kichocheo kinachochakaa na nidhamu ya kutumia kuni kavu tu. Kwa mtu anayetoka asubuhi na kurudi jioni, yanafaa. Kwa mwenye kuwasha jioni pekee, sioni haja.

Kuhusu chuma cha kusubu dhidi ya bamba la chuma lililounganishwa kwa kulehemu, mabishano ni marefu kuliko tofauti. La kwanza hukawia kupata joto na kukawia kupoa, la pili ni haraka. Ubora wa mlango, kamba yake ya kuziba na upatikanaji wa vipuri baada ya miaka kumi vina uzito zaidi. Lenye tangi la maji la kupasha nyumba nzima ni mradi mwingine kabisa, na bila kinga dhidi ya maji kuchemka kupita kiasi ni hatari.

Kuni, na mahali pa kuziweka

Kilo moja ya kuni zenye unyevu wa asilimia 20 hutoa takriban kilowati-saa 4. Zilizokatwa juzi, ambazo nusu ya uzito ni maji, hutoa 2 hivi, tena kwa moto mchafu. Hakuna jiko duniani linaloweza kufidia hilo. Katika England, tangu Mei 2021, kuni zinazouzwa kwa kiasi cha chini ya mita 2 za ujazo hazipaswi kuzidi unyevu wa asilimia 20, na kipimo hicho ni kizuri kwa yeyote. Kipima unyevu ni kifaa cha bei ndogo. Pasua kipande kwanza, kisha upime uso mpya wa ndani, kwa kuwa nje hudanganya.

Aina ya mti ina umuhimu mdogo kuliko inavyosemwa. Kwa kilo, mwaloni na msonobari hutoa joto linalokaribiana sana. Tofauti ni kwamba msonobari ni mwepesi, hivyo utajaza jiko mara nyingi zaidi. Kwamba msonobari huziba dohani kwa utomvu wake ni imani iliyopitwa na wakati, kinachoziba ni unyevu na kukosa hewa. Mwaloni kwa upande wake hudai miaka miwili ya kukauka. Mbao zilizopakwa rangi au dawa, na zile zilizookotwa baharini zenye chumvi, zisiingie kabisa: hutoa sumu na kula chuma.

Fanya hesabu ya mwaka. Wastani wa kilowati 5 kwa saa 6 kila siku ni kilowati-saa 30. Jiko la ufanisi wa asilimia 75 litadai 40, yaani kilo 10 za kuni. Kwa siku 120 za baridi ni tani 1.2, karibu mita 2.5 za ujazo za kuni ngumu zilizopangwa, na kama zinahitaji miaka miwili kukauka, banda liwe la mita 5 za ujazo, lenye paa na pande zinazopitisha upepo. Asiye na nafasi hiyo atanunua kuni kavu kidogo kidogo kwa bei ya juu, na huenda kuni zisiwe chaguo lake kabisa. Aishiye mjini kwenye msongamano naye afikiri mara mbili, kwani hata jiko bora hutoa vumbi laini jingi zaidi kuliko hita ya gesi. Angalia vilevile urefu wa kuni zinazopatikana: sanduku la kubeba sentimita 33 halina msaada kama muuzaji wako hukata 50.

Likishafungwa na kukaguliwa, mioto michache ya kwanza iwe midogo na madirisha yawe wazi, kwa sababu rangi ya jiko hunuka inapokomaa. Baada ya hapo washa kwa vijiti juu ya magogo, moto ushuke, moshi wa mwanzo utapungua sana. Acha sentimita 2 au 3 za majivu chini, kuni huungua vizuri juu yake. Yanayozidi yachote kwa ndoo ya chuma yenye kifuniko na uiweke nje, juu ya sakafu isiyoungua, kwani makaa hubaki hai ndani ya majivu kwa siku kadhaa.